Plagi ya Nusu Inchi

Walinipigia saa nne asubuhi.
Nikalikuta tanki limelala kwenye migomba ya jirani
kama ng'ombe aliyekataa kuinuka,
lita mia mbili, tumbo wazi,
na bati moja la paa limelikumbatia shingo.

Soweto yote ilikuwa nje.
Mmoja alisema bomu, mwingine akaapa ni radi,
na muuza sabuni akasema
mji huu tumeuita Moshi miaka yote,
leo ndiyo tumeuona mvuke.

Mama Aikande alikuwa na kiatu kimoja mguuni.
Hakunitazama.
Mwezi wa tatu nilimwandikia bei kwenye karatasi ya daftari:
valvu ya joto na presha,
tungi dogo la kupokea maji yanapotanuka,
bomba la shaba la kutolea nje, hadi mferejini,
ufundi siku mbili.
Akacheka. "Binti, hili ni tanki au ni ndege?"
Akapata mwingine kwa theluthi ya bei.

Nilikuwa na neno langu.
Nimelinoa tangu Majengo, njia nzima,
lakini nilipofika chumba namba sita
dari imekilalia kitanda,
shuka nyeupe bado zinafuka,
likakosa pa kukata.
Wageni walikuwa mlimani, wanatetemeka kambini,
wanahesabu siku za kuja kuoga hapa.
Ndewirwa, anayefua, alikuwa ametumwa dukani, mche wa sabuni.
Shilingi elfu tatu.
Ndizo zilizomtoa chumbani.

Nikafuata mabomba yaliyobaki ukutani. Nilitaka kuona uzembe.
Nikaona tepu imezungushwa mizunguko kumi na miwili,
kwa upande unaotakiwa,
viungo vimenyooka kama pindo la mshonaji.
Mkono mzuri.
Hilo liliniuma kuliko tanki.

Tukaligeuza, vijana wawili na mimi, matope hadi magotini.
Pale ambapo valvu ingepumua
palikuwa na plagi ya nusu inchi,
imekazwa kwa spana na kwa moyo wote.

Aliyeikaza alikuwa amesimama getini.
Hakuingia, hakukimbia.
Elifuraha, umri wa mdogo wangu wa mwisho.
"Ilikuwa inadondosha," akasema.
"Mama akalalamika dari inachora ramani.
Nikaiziba. Ikanyamaza. Akanilipa."
"Nani alikufundisha?"
"Niliangalia watu."

Nikamwambia, umewahi kupika makande?
Mfuniko ukitikisika, nani huukalia?
Maji yakipata moto hutafuta nafasi.
Ukiyanyima, hayabishani na wewe.
Husubiri.
Yanasubiri swichi ya joto inate, usiku mmoja tu,
hita ichemshe hadi alfajiri pasipo wa kuizima.
Lile tone, Elifuraha, halikuwa ugonjwa.
Lilikuwa tanki linaomba njia.

Akaangalia mikono yake, mbele na nyuma,
kama kitu alichoazima.

Nikampa ile plagi. Hakuipokea.
Ipo hadi leo kwenye begi langu la spana,
imejichanganya na wenzake,
shilingi mia saba dukani, haina alama, haina kosa lolote.
Siku nyingine naishika bila kutazama
na siwezi kujua kama ndiyo yenyewe.

Tanki jipya nimelifunga mwenyewe, siku mbili,
kwa bei ileile ya kwenye daftari.
Elifuraha alishika ngazi. Aliuliza maswali mengi,
mengine sikuyajua, nikamwambia sijui.

Jana saa sita usiku simu ikaita.
"Fundi," Mama Aikande ananong'ona, kana kwamba litamsikia,
"kuna tone. Kule nje, mferejini."
"Moja moja, au linatiririka?"
Kimya. Nikasikia kandambili zake kwenye changarawe,
mbwa wa jirani,
kisha hata mimi, upande huu wa mji, nikalisikia:
to.
Muda.
To.
"Moja moja."
"Likitiririka, nipigie.
Hilo liache liongee. Nenda kalale."