Moja Hadi Tano

Chuo kimetuletea fomu, maswali kumi na mawili.
La mwisho: *Una matumaini kiasi gani ya kupata kazi
ndani ya miezi sita baada ya kuhitimu?
Zungushia namba, moja hadi tano.*

Kalamu ninazo. Ninazo kumi na moja,
nilizookota bure Jumatano kwenye maonyesho ya ajira,
kila moja na jina la kampuni ubavuni:
benki, bima, wauza umeme, benki tena.
Vijana wenye tai walinipa mkono,
wakalitamka jina langu, Mwatumu,
kama wanaomeza kidonge bila maji,
wakasema, "Tuma maombi kwenye tovuti."
Nilituma.
Tovuti ilinikataa kabla chai haijapoa.

Hapa Hull, Februari, jua ni mgeni asiyevua viatu.
Nyumba yetu ya Barabara ya Beverley ina wapangaji watatu
na boila moja, nayo tangu jana imegoma.
Tumekaa jikoni na makoti yetu
kama watu waliokosa treni.

Callum anasomea ufundi wa gesi, mwaka wa pili.
Aliitegea sikio boila, akaigonga kwa kidole, akasema,
"Ni feni. Dakika kumi tu."
Lakini hana leseni, na sheria
haimruhusu kulegeza hata skrubu.
"Ugonjwa naujua," anasema. "Ruhusa ya kuutibu ndiyo sina."

Danuta wa uuguzi keshazungushia tano, bila kukaa.
"Kazi ipo," anasema, akifunga kamba za viatu vya zamu ya usiku.
"Mgongo ndio sijui kama utakuwepo."

Fundi alifika saa kumi jioni,
jamaa wa miaka sitini na ushei, magoti yakimlia.
Ilikuwa feni.
Dakika kumi na moja, paundi tisini na tano.
Mimi nasoma takwimu; nilianza kupiga hesabu kimoyomoyo,
nikaiacha njiani kwa ajili ya afya yangu.

Callum akamfuata mpaka mlangoni,
akauliza kwa sauti aliyoikunja mara nne:
"Unachukua mwanagenzi?"
"Nilikuwa nao wawili. Bima ikapanda.
Mwakani nauza hili gari, nikae na magoti yangu."

Akatafuta kalamu aandike risiti; yake ilikauka.
Nikampa moja, ya benki ile ya pili.
Akaandika, akaitia mfukoni bila kufikiri, akaondoka.
Zimebaki kumi.

Usiku Mama akatuma sauti kutoka Korogwe,
kuku wakisikika nyuma yake:
"Mgaagaa na upwa, mwanangu, hali wali mkavu."
Nikaanza kumjibu: Mama, upwa wa mto huu
ni tope la rangi ya chai ya maziwa,
nimegaagaa mpaka shingoni na wali ni uleule.
Nikafuta.
Nikaandika: Inshallah, karibu.

Mabomba ya joto yanagugumia ukutani.
Callum amezungushia tatu, akaifuta,
akazungushia nne, akaifuta,
mpaka karatasi yake imetoboka
na meza inaonekana pale penye matumaini.

Mimi nimeweka nukta moja ndogo
kati ya mbili na tatu, pasipo na namba.
Najua mashine zinavyosoma fomu hizi, ndiyo fani yangu:
itadhani ni uchafu.