Jiwe la Kupigia Simu

Nyumba yetu ya Igogo imeegemea jabali
kama mtoto aliyegoma kushuka mgongoni.
Ndani, simu ni tochi na saa tu.
Ukitaka kuongea unavaa ndala, unatoka,
unapita kamba ya nguo na banda la kuku,
unapanda jiwe la tatu, lile wanaloota jua pimbi,
unageuza uso ziwani, na hapo
mistari miwili inapanda,
wa tatu unasitasita.

Miaka sita nimeuza dagaa nikiwa juu ya jiwe.
Mteja wa Kahama akiuliza bei, mtaa mzima unajua faida yangu.
Mvua ikinyesha, duka limefungwa.
Machi hii nilipoteza oda ya magunia kumi na mawili
nikiwa ndani nasonga ugali,
simu mezani, kimya, kama imekula yamini.
"Nilipiga mara nne, mama. Ukawa hupatikani."
Hupatikani!
Na mimi nilikuwepo, mwiko mkononi, natoka jasho.

Ndipo nikamwita Lushinge, fundi wa Nyakato.

Alikuja na ngazi ya kukunja
na kifaa kinachohesabu kinyumenyume:
hasi mia na tisa sebuleni,
hasi mia na kumi na mbili chumbani kwangu.
"Hasi ikikua, umaskini umekua," akasema.
Nikamwambia hilo benki walishanifundisha.
Akagonga bati, akagonga ukuta,
akalitazama jabali kwa heshima ya mtu aliyeshindwa mapema.
"Mnara wa karibu uko nyuma ya huyu, na huyu hahami.
Tutaomba ng'ambo ya ghuba, upande wa Kamanga."

Laki tano na ishirini. Nikashusha, akashusha,
tukakutana laki nne na sitini:
nusu leo, nusu mbalamwezi ikiisha,
giza likiingia, dagaa wakipatikana.
Muhuri wa kibali alinionyesha kabla sijauliza.
Vya magendo, alisema, vinabweka
mpaka majirani wanakosa mtandao.
Antena moja akaifunga juu ya paa, inatazama maji;
nyingine dari ya sebuleni, mbali nayo, zisisikiane,
maana kifaa kikijisikia chenyewe
kinapiga ukelele na hakisikii tena mtu.
"Namjua mmoja wa hivyo," nikasema,
"kamuoa binamu yangu."

Jioni, mistari minne.
Nikauza magunia saba nimejilaza,
miguu juu ya mto, bei nainong'ona.

Wiki mbili.

Kisha Alhamisi, saa sita na robo usiku, simu kutoka Ukara.
Shemeji. Nyamizi, mdogo wangu,
boti ilichelewa, hospitali hawakufika.
Nilisikia vizuri sana. Kila neno.
Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja
wa kuniachia nafasi ya kusema sijaelewa, rudia.
Nikakaa ukingoni mwa kitanda.
Kifaa kinamulika kijani darini.
Mlango haukugongwa.

Baba alipofariki nilikuwa juu ya jiwe.
Kabla sijashuka
Mama Kashinje alishanishika kiwiko,
mtu alishakoka moto uani,
mtu alishawafungia kuku wangu.
Hakuna aliyeambiwa. Wote walisikia.

Lushinge, kazi yako haina kasoro.
Nusu yako nitailipa, giza likiingia.

Nikavaa ndala.
Nikapita kamba ya nguo, nikapita banda.
Nikapanda jiwe la tatu mikono mitupu,
simu nimeiacha mezani na mistari yake minne,
ziwa nikalipa mgongo,
na kwa sauti ile ile ya kuuzia dagaa
nikauambia mtaa: Nyamizi ametutoka.

Kwa Mama Kashinje taa ikawaka.
Kisha ya pili, chini kule, kwa wapangaji.
Ya tatu ikasitasita.