Kioo Hakinijui

Kioo hakinijui.
Nakigusa, kinanyamaza
kama yule karani wa Huduma aliyenifuta vidole kwa spiriti
mara nne, akavibana kwenye mashine, akauliza:
"Mzee, alama zako umezipeleka wapi?"
Nimeziacha Kibuye, mama, kwenye mageti ya watu.
Miaka ishirini na sita ya cheche.
Ngozi iliyobaki ni ya kazi, si ya utambulisho.

Ndiyo maana simu yangu ina vitufe,
vidogo, vimesongamana kama punje kwenye gunzi,
na kimoja cha katikati kina kinundu:
dole gumba likishatua hapo, njia zote linazijua.
Herufi A imefutika kwenye kitufe,
alama imefutika kwenye kidole,
na bado vinajuana.

Nikishusha barakoa ya kuchomelea, dunia inakuwa usiku.
Humo ndimo ninamoandika, chuma kikipoa.
Vijana wa karakana hucheka:
"Odindo anaikuna simu yake."

Kisha asubuhi moja ya Machi, kabla ya mvua:
*Kifaa hiki hakitapokea masasisho tena.*
Nikasoma mara mbili.
Kifaa kilikuwa kizima. Betri nzima, spika nzima,
hata ule ufa wa pembeni ni wa tangu mwaka wa kwanza.
Kampuni ndiyo iliyokufa, au ilichoka, sikuelewa,
na maiti nikaachiwa mimi niliyekuwa nikiongea nayo.

Dukani mjini, kijana mwenye tai
akanionyesha kioo kipya, kipana kama sinia.
Lipa kidogo kidogo, kila siku.
"Na siku nikikosa?"
"Inajifunga yenyewe," akasema, meno nje.

Mimi natengeneza mageti.
Sijawahi kumuuzia mtu geti
nikabaki na ufunguo.

Kageha, binti wa Mbale, mwenye kibanda nyuma ya wauza mitumba,
hakunionyesha meno.
Aliiinamia simu tangu saa nne hadi adhana ya alasiri,
waya kwenye kompyuta, biskuti mdomoni,
akitoa roho ya zamani, akitia nyingine.
"Programu huria," akasema.
"Imeandikwa na watu wasiojuana.
Yeyote anaifungua, anaisoma, anashona palipochanika."
"Analipa nani?"
"Wengi wao, hakuna."
"Sasa kwa nini?"
Akafikiri. Biskuti ikakatika, ikaangukia bisibisi.
"Wana simu kama yako."

Sitadanganya. Kamera sasa inawapaka watu samawati,
mke wangu pichani kama aliyezama ziwani.
Redio haijarudi.
Programu ya benki inanikagua kama bawabu,
siku nyingine inanirudisha nje.

Lakini kile kitufe chenye nembo ya kampuni,
kilichokuwa kikifungua duka lao hata nisipotaka,
Kageha alikigeuza.
Nikikibonya kinatoa *ng'*, pamoja na ritifaa yake.
Mimi ni Odindo Ong'ayo.
Miaka yote nimeandikwa Ongayo:
kwenye risiti, kwenye kadi ya kliniki,
na simu yangu mwenyewe.
Sasa mbonyo mmoja tu,
na baba amerudi mzima na ukucha wake.

Nilimuuliza Kageha itaishi hadi lini.
Akasema mwaka huu kuna mtu anaishughulikia,
mwakani hajui.
Akanidai mia nne, nikampa mia tano,
akatafuta chenji kwa muda mrefu sana, akanirudishia.

Mteja wa Nyalenda ameuliza tena.
Nimemsoma, nimeshusha barakoa.
Chuma kinapoa, kinalia tik, tik.
Gizani dole gumba linapapasa kinundu:

*Ijumaa saa nne.
Funguo ni tatu.
Zote zako.*