Kibuyu cha Risiti

Ya kwanza: kadi, elfu tano.
Ya pili: vipimo, glavu, sindano,
na dripu ambayo dirishani walisema
haipo, kanunue ng'ambo ya barabara.

Sechelela anazikunja, anazitia
ndani ya kibuyu kilichokauka.

Madoa aliuzwa Jumamosi, mnadani Msalato,
kwa bei ya mwenye shida:
mnunuzi aliona kanga ina harufu ya wodi
akashusha elfu themanini
bila kupepesa macho.
Kamba ingali zizini.

Uwele wa mbegu nao ukafuata.

Leo Ndahani amepona.
Ameketi kizingitini, macho yametakata,
njaa imemrudia kama mgeni wa heri.
"Mama, nataka maziwa."

Sechelela anatikisa kibuyu.
Ndani panachakacha.