Ukanda wa Shaka

Szeged, mwezi wa pili, saa nane usiku.
Nje Mto Tisza umevaa barafu;
ndani, panya namba arobaini na moja amekwisha kula.
Ameshiba. Hilo nimeliandika daftarini
kwa kalamu inayovuja.

Namwekea vitu viwili:
gololi aliyoizoea tangu Jumatatu,
na kifungo cha koti la marehemu Ödön,
cheusi, chenye matundu manne,
ambacho hakikuwemo kwenye orodha ya vifaa.

Anasimama. Masharubu yanapima hewa.
Mwili anaurefusha, miguu ya nyuma ikibaki palepale,
nusu yake ikitaka, nusu ikikataa,
na kipaza sauti, kwa waya
mwembamba kuliko unywele wa mtoto,
kinaanza: ta, ta-ta, tatata,
bisi juu ya kikaango.

Waliopasua ubongo zamani walipofika hapo,
kilindini, hawakuelewa pana kazi gani.
Wakapaita Ukanda wa Shaka, wakapita.
Nawapenda kwa jina hilo. Hawakudanganya.
Kumbe hapo ndipo swali linapokaangwa
kabla halijapata mdomo.

Panya wengi hawachimbi shimo, najua.
Huyu mmoja anachimba kifungo:
anakinusa, anakiuma, anakigeuza kifudifudi.
Hakiliki, hakinyweki,
naye harudi kwenye gololi.

Saa tisa, kama Daktari Szendrei alivyoagiza,
nawasha mwanga wa manjano ndani ya kichwa chake.
Bisi zinakoma.
Hasinzii. Haumwi. Maji anakunywa.
Anapita kando ya kifungo
kama mtu apitavyo kando ya ukuta wa nyumbani kwake.

Mwendo huo naujua.
Miaka mitatu nimekwenda nao:
tramu ileile, supu ileile,
droo ya Ödön haijafunguliwa.
Sina huzuni, niliwaambia watu.
Kweli. Sikuwa na kitu.

Maagizo yanasema dakika kumi.
Nazima kwenye ya sita.
Hilo pia nimeliandika. Wanikemee.

Kimya.
Kisha ta.
Kisha ta-ta.
Anageuka, masharubu mbele,
kana kwamba kuna aliyemwita kwa jina
badala ya namba.

Asubuhi sikupanda tramu.
Nilikata kwa mtaa nisioujua,
wenye duka la funguo na mbwa wa kijivu,
theluji ikilia chini ya viatu,
na mahali fulani nyuma ya macho
(sina kipaza sauti, siwezi kuapa)
bisi moja.