Bahasha ya Tarehe Ishirini na Nane

Kila tarehe ishirini na nane, kabla ya saa nne asubuhi,
mimi Nekane ndiye mtu pekee katika kiwanda hiki cha Eibar
anayejua uzito wa kila mfuko.
Printa inanong'ona. Karatasi inatoka na joto lake,
naikunja mara tatu, naitia kwenye bahasha,
naulamba mdomo wa bahasha, na wangu naufunga.

Niliapa siku niliyoajiriwa:
ya huyu usimwambie yule.
Miaka kumi na tisa nakula siri hizi.
Hazishibishi, wala hazitapikiki.

Basi nakuambia wewe, usiyefanya kazi hapa.

Garikoitz, msimamizi wa karakana ya kusaga vyuma:
mshahara wa msingi, euro elfu tatu mia nne na kumi.
Posho ya cheo, mia mbili na themanini.
Posho ya simu, thelathini,
simu inayolia saa nane za usiku jiwe la kusagia likipasuka,
na tena saa nane na nusu
mtu wa zamu anapouliza jiwe jipya liko kabati gani.
Kodi ikang'ata. Bima ikang'ata. Pensheni ikalamba sahani.
Kilichobaki: elfu mbili mia saba na tisini, na kitu.
Hicho kitu ni senti arobaini na moja.
Naipenda ile moja. Haina cheo.

Zamani alikuwa fundi, nikimlipa mimi mimi.
Alipitisha ukucha juu ya chuma,
akasema, "Mikroni nne zimezidi,"
na kipimo kikaja nyuma yake
kama shahidi aliyechelewa mahakamani:
nne.
Siku hizi ukucha huo hubonyeza kalenda.
Nani likizo, nani mgonjwa,
nani hatutamhitaji tena baada ya Pasaka.
Machi alitia saini majina matatu.
Safu ya posho ya hilo haipo. Niliitafuta.

Novemba ikaja oda ya Wajerumani, ekseli mia sita.
Zuriñe wa mashine namba tano
alifanya zamu kumi na moja za usiku,
Jumamosi zote nne,
na ovataimu ambayo hata printa iliisita.
Nilisoma mara mbili:
amempita bosi wake kwa euro mia moja na sita.

Garikoitz akaja dirishani pangu.
"Nimejumlisha saa nilizoziidhinisha mwenyewe.
Kuna kosa mahali?"
"Hakuna."
Akacheka kile kicheko cha mtu
aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.
"Kumbe nimepandishwa ili niteremke."
Nikasema Desemba itasawazisha.
Alikuwa akitazama viganja vyake,
laini sasa, kama vya padri.

Wanasema cheo ni koti.
Hili wamelikata mikono.

Sasa wanafungua karakana ya pili, ng'ambo ya mto Ego,
na fomu ya usimamizi imeandikwa jina la Zuriñe.
Jana alikuja, grisi hadi kwenye viwiko:
"Msimamizi hulipwa ngapi hapa?"
Kiapo kikanikaa kooni kama mfupa wa samaki.
Nikamtajia wastani wa mkoa.
"Huyo wastani anaishi mtaa gani?" akauliza.
"Ana watoto? Simu yake hulia saa ngapi?"
Sikuwa na jibu.
"Haya. Ni nyingi kuliko yangu?"
"Inategemea mwezi."

Akanyamaza.
Akapitisha ukucha ukingoni mwa meza yangu, polepole,
jicho moja limefumba.
"Meza yako imelala kushoto," akasema, akaenda zake.

Miaka kumi na tisa nimekuwa nikiilaumu kalamu.

Leo ni Ijumaa. Fomu iko treini kwangu, haijatiwa saini,
na mahali pa mshahara wameacha nafasi tupu.
Nimemwona kupitia kioo akifunga jiwe jipya,
akiligonga kidogo, akilisikiliza
kama lina ufa.