Misumari Kumi na Moja

Bi Kazija kaja na karatasi ya daftari la shule,
mistari ya buluu, kona moja imelowa mchuzi.
Kaja asubuhi, mie nishalifunga godoro kwa kamba
na kirikuu ya kunipeleka Mkoani inanguruma njiani.

"Mwalimu," kasema, "tuandikiane.
Mambo ya pesa si ya mdomo."

Ajabu. Siku ya kumpa ilikuwa ya mdomo.
Laki mbili na arubaini, kodi ya miezi mitatu,
nilimhesabia barazani kwake, hapa Limbani,
akazifunga kwenye pindo la kanga, mafundo mawili,
akasema, "Hii ni amana, mwanangu. Amana haiozi."
Na mie, mtoto wa chuoni, niliposikia neno lile
nikaona haya kuomba risiti.
Nani anadai risiti kwa neno la Kitabu?

Leo karatasi inasoma:
rangi, elfu tisini.
Bomba la uani, thalathini na tano.
Usafi, sitini,
chumba nilichokipiga deki jana hadi magoti yakachubuka.
Misumari kumi na moja, kila mmoja elfu tano.

Nikajumlisha kwa kidole juu ya godoro.
Laki mbili na arubaini. Kamili!
Nasomesha hesabu mwaka wa tisa huu,
watoto wananikosea kwa kumi, kwa mia,
sijapata kuona jumla iliyokaa mahali pake
kama kofia iliyopimwa kichwani.
Haikubaki hata ya ubuyu.

Bi Kazija, bomba limeliwa na chumvi ya kisima chako,
sikulila mie.
Rangi ilibabuka masika, ukuta ukitoka jasho,
nikakuita, ukasema utakauka.
Na misumari, saba niliikuta.
Minne ndiyo yangu, ya chandarua,
kona nne za usingizi wangu.
Hiyo saba waulize wa kabla yangu,
yule nesi, yule fundi cherahani,
yule kijana wa bandarini aliyehama usiku.
Kila mmoja katundika chake,
kila mmoja kaulipia msumari ule ule.

Twende kwa sheha.

Sheha Khatibu Shaame katusikiliza huku anamenya chungwa,
ganda halikatiki, linashuka mpaka gotini.
Kauliza neno moja tu: "Pesa zipo?"

Bi Kazija kashika pindo la kanga. Tupu.
"Zipo," kasema. "Ziko juu."
Kanyoosha mkono dirishani, ng'ambo ya njia,
tukatazama:
mabati sita mapya juu ya chumba cha kati,
yanameremeta hadi macho yanauma.
Chini yake yuko mamake,
hageuki mpaka ageuzwe,
na mvua ya mwaka jana ilimkuta pale pale kitandani.

Kumbe kweli haikuoza.

Nilikuwa na maneno, nimeyapanga tangu alfajiri.
Yakanikauka.
Utalibandua vipi bati juu ya mgonjwa?

"Ngoja karafuu," kasema.
"Au ngoja mpangaji. Anakuja leo.
Akitoa yake, nakupa yako."

Na kweli kaja. Wahida, karani mpya wa mahakama,
begi moja, na bahasha kaikumbatia kifuani
kama mtoto aliyetumwa dukani kwa mara ya kwanza.
Kanivuta pembeni:
"Dada, chumba kizuri?"

Bahasha ile ni yangu.
Bi Kazija ananitazama. Sheha kaacha chungwa.
Dereva kapiga honi, kapiga tena.

Nikasema, "Upepo kinao. Majirani wema.
Bibi wa nyumba si mwizi."
Na ni kweli, si mwizi.
"Lakini kabla hujafungua bahasha
ingia kwanza, hesabu misumari.
Ipo kumi na moja. Iandike,
naye atie sahihi.

Ile minne ya kona usiing'oe.
Mbu wa Limbani hawajui uhamisho.
Hiyo ni yangu. Nimekuachia."